Karata ya Kifo na Mawe ya Laiboni: Nani Anayetoa Maana?

Utangulizi

Katika makala haya ninakusudia kujadili jambo ambalo sisi wanafunzi wa fasihi tunalifanya kila siku bila kulihoji, nalo ni kuipa ishara maana. Tukikutana na maji katika shairi, tunaandika "uhai". Tukikutana na giza, tunaandika "ujinga", au siku tukiwa na ari zaidi, "ukoloni". Mhusika akifa mwishoni mwa riwaya, tunaandika "malipo ya maovu" na kufunua ukurasa mwingine. Haya tumeyapata wapi? Kwenye madesa, ndugu zangu. Na madesa hayo yalinakiliwa kutoka madesa mengine, hata aliyeyaandika kwanza hajulikani tena.

Mfano niliouchagua huenda ukawashangaza baadhi ya wasomaji wa jarida la uhakiki. Ni karata moja ya kutabiria, ile iitwayo Kifo, katika seti ya karata za Kizungu zinazojulikana kama taroti. Nitaiweka karata hiyo mbele ya watu wa hapa Arusha, kisha nitailinganisha na uaguzi ulio karibu zaidi nasi chini ya Mlima Meru, yaani mawe ya laiboni. Simshawishi mtu aende kuaguliwa, wala simhubirii anayekwenda aache. Nia yangu ni ya kihakiki. Kwa maoni yangu, mwaguzi na mhakiki wana kazi inayofanana: wote wawili huwekewa ishara mbele yao, huulizwa "hii ina maana gani?", na jibu lao laweza kumjenga mtu au kumbomoa.

Hoja yangu ni hii. Ishara haina maana moja ya kudumu inayoweza kuandikwa kwenye orodha na kukaririwa. Lakini hilo halimpi msomaji ruhusa ya kusema lolote linalomjia. Maana huzaliwa pale ishara inapokutana na swali, na pale msomaji anapokubali kuwajibika kwa jibu lake. Anayekwepa mojawapo ya mambo haya, awe na kibuyu au awe na shahada, ni mtu wa kuogopwa.

Karata yenyewe

Taroti ni seti ya karata 78. Kati ya hizo, 22 ni kubwa, zenye picha na majina kama Mpumbavu, Mnara, Nyota na Jua. Zilizobaki, 56, ni ndogo na zimegawanyika katika aina nne, kama karata tunazozijua. Zilianza Italia ya kaskazini katika karne ya 15, na wakati huo zilikuwa za kuchezea tu. Watu walikaa mezani wakacheza, kama vijana wanavyocheza arubastini kijiweni. Uaguzi ulikuja baadaye sana. Mwaka 1781 Mfaransa Antoine Court de Gébelin alidai kwamba picha zile ni mabaki ya hekima ya siri ya Misri ya kale. Ushahidi hakuwa nao. Wakati huo hata maandishi ya kale ya Misri yalikuwa hayajaweza kusomeka. Lakini watu walilipenda dai hilo, na karata za mchezo zikageuka kuwa kitabu cha siri. Mwanafalsafa wa Kiingereza Michael Dummett aliirudisha historia ya mchezo mahali pake katika kitabu alichokitoa mwaka 1980.

Tuzingatie jambo hilo. Katika mageuzi yale makubwa picha hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni swali. Zamani mtu aliishika karata akajiuliza, "Hii itaila ipi?" Baadaye akaishika na kujiuliza, "Hii inasema nini juu yangu?"

Seti inayofahamika zaidi leo ilitolewa London mwaka 1909. Arthur Edward Waite alitoa maelekezo, na picha zote zilichorwa na mwanamke, Pamela Colman Smith. Ni vizuri tumtaje kwa jina, maana kwa miaka mingi seti hiyo iliitwa kwa jina la Waite na la mchapishaji Rider, yeye akaachwa. Sehemu ya utoto wake Smith aliishi Jamaika, na mwaka 1899 alichapisha hadithi za Anansi, yule buibui mjanja ambaye Waafrika waliokwenda utumwani walivuka naye bahari kutoka Afrika Magharibi. Anansi ni ndugu wa Sungura wetu. Kumbe aliyekichora Kifo alikuwa mtu wa fasihi simulizi, tena yenye asili ya Afrika! Kwa kazi ile alilipwa kidogo, na alifariki mwaka 1951 akiwa hana mali.

Karata ya Kifo ni namba 13. Pichani kuna kiunzi cha mifupa kimevaa deraya nyeusi, kimepanda farasi mweupe, mkononi kimeshika bendera nyeusi yenye ua waridi jeupe. Chini ya farasi amelala mfalme, amekwisha kufa, na taji lake limeanguka. Mbele yake amesimama askofu, mikono ameiinua kama anayesihi. Kando yake msichana amepiga magoti na kugeuza uso asione. Karibu na msichana kuna mtoto mdogo, naye peke yake anamtazama mpanda farasi bila hofu. Nyuma kabisa kuna mto wenye chombo, na jua liko kati ya minara miwili.

Wasomaji wa kisasa wa taroti wana jibu lao la haraka: karata hii haimaanishi kufa, inamaanisha mabadiliko, jambo moja limekwisha, lingine linaanza. Ni jibu la kumtuliza mteja, nalo limekaririwa kila mahali. Lakini ukirudi kwa Waite mwenyewe, katika kitabu alichokiandika kufafanua karata zile, unakuta mwisho, mauti na uharibifu vimo waziwazi katika maana za kuagulia. Kwa hiyo ile "maana halisi" ambayo wengi wanaishikilia leo ni tafsiri iliyolainishwa na wasomaji waliofuata. Hata karata ya Kifo ina madesa yake.

Rangi hazisemi lugha moja

Nilipata nakala ya picha hii nikaanza kuwaonesha watu hapa Arusha, bila kuwaambia inaitwaje. Naomba nieleweke: huu haukuwa utafiti. Yalikuwa mazungumzo tu, na sitoi takwimu yoyote.

Wenzangu wa bwenini walianza na fuvu. Mmoja alisema papo hapo, "Hatari!" Akaeleza kwamba kwake fuvu ni lile la kwenye transfoma na la kwenye chupa ya sumu. Mwingine, mtoto wa Tanga, alivutwa na weupe wa farasi. Kwake nyeupe ilikuwa sanda, basi farasi akawa ndiye anayebeba msiba, na ile bendera nyeusi hakuijali. Namba 13 haikumsumbua mtu. Kwa Wazungu wengi ni namba ya mkosi. Mezani petu ilipita kimya kimya.

Mama mmoja wa Kimeru anayeuza ndizi soko la Tengeru aliitazama kwa muda, kisha akauliza swali ambalo silijaliona katika kitabu chochote cha taroti: "Huyu mzee aliyelala ameacha wosia?" Nikacheka. Yeye hakucheka. "Askofu amekuja kuzika au amekuja kusuluhisha mashamba?" Yule mtoto asiyeogopa alimwita mrithi. Anayeifahamu miteremko ya Meru, jinsi ardhi ilivyobana na vishamba vya migomba vinavyozidi kugawanywa kila kizazi, hataliona swali lile kuwa mzaha. Kwake kifo ni habari ya ardhi kabla ya kuwa habari ya roho.

Aliyenifundisha zaidi ni mzee wa Kiarusha kutoka upande wa Ngaramtoni. Nilimwamkia, nikampa picha, nikamweleza kwamba kwa wenyewe bendera nyeusi ni dalili ya maombolezo. Akatikisa kichwa. "Kijana wangu, nyeusi mbona mnaisema vibaya? Nyeusi ni mvua." Hapo niliyakumbuka masimulizi ya Wamaasai, ambao Waarusha wanashirikiana nao lugha ya Maa na mengi ya jadi. A. C. Hollis aliyaandika katika kitabu chake cha mwaka 1905. Yanasema kuna Mungu mweusi, Enkai Narok, aliye mwema na mwenye kuleta mvua, na Mungu mwekundu, Enkai Nanyokie, aliye mkali. Mtu aliyelelewa na masimulizi hayo, hata kama leo ni Mlutheri wa kanisani kila Jumapili kama alivyo mzee huyu, hawezi kuiona bendera nyeusi akaiogopa kirahisi. Kwake kingetisha kama kingekuwa chekundu.

Tunaona basi kwamba kauli kama "rangi nyeusi ni ishara ya uovu", ambayo tunaiandika kwenye mtihani bila kufikiri, ina kabila na ina dini. Siyo sheria ya ulimwengu. Ukiitumia kuisomea kazi iliyoandikwa na mtu wa jamii ambayo nyeusi ni mawingu ya mvua, umempotosha mwandishi ukiwa hukumfungua hata ukurasa.

Lilitokea jambo jingine dogo. Mzee alinionesha jua lililo kati ya minara akauliza, "Linatoka au linakuchwa?" Waite alilipa jua hilo maana ya uzima usiokufa, na wafuasi wake husema linachomoza. Picha yenyewe haisemi. Hapa mjini mtu hapati shida hiyo: ukiuelekea Mlima Meru, mashariki iko mkono wa kulia, upande wa Tengeru na Usa River, na magharibi iko mkono wa kushoto, upande wa Monduli. Mlima ndio unaokwambia jua lile ni la alfajiri au la magharibi. Karata haina mlima. Ndiyo maana msomaji wake hulazimika kuleta wake kutoka nyumbani, na mara nyingi hata hajui kwamba ameuleta.

Mawe ya laiboni: swali kwanza

Kabla sijaondoka, mzee aliuliza swali lililonifanya niandike makala haya. "Mwenye karata hii alikuja kuuliza nini?" Nikamjibu kwamba hakuna aliyeuliza, nimeileta tu. Akanirudishia. "Basi hakuna cha kusema. Mawe hayamwagwi bure."

Turejee kwa Hollis. Anaeleza njia nne za uaguzi wa laiboni wa Kimaasai: kumwaga mawe kutoka kwenye pembe ya nyati au ya ng'ombe, kusoma matumbo ya mbuzi, kutabiri akiwa amelewa, na kuota ndoto. Kwa Wasamburu wa Kenya, ambao nao wana malaiboni, Elliot Fratkin alianza kuichunguza kazi hiyo miaka ya 1970. Huko mawe na vitu vingine vidogo humiminwa kutoka kwenye kibuyu, vikahesabiwa, vikaangaliwa idadi na rangi. Kibuyu hicho huitwa enkidong, neno ambalo limo pia katika jina la Inkidongi, ukoo wa malaiboni wa Kimaasai.

Linganisha na ramli ya pwani. Neno lenyewe ni la Kiarabu na maana yake ni mchanga. Mpiga ramli huweka nukta, huzihesabu kama ni shufwa au witiri, na kutokana nazo hupata maumbo. Maumbo yote yawezekanayo ni 16. Manne ya kwanza huzaa mengine, na kila umbo huwa na nyumba yake. Umbo lile lile likiwa nyumba ya mali lasema jingine kabisa likiwa nyumba ya maradhi. Taroti nayo iko hivyo. Katika mpango wa karata 10 ambao Waite aliueneza, Kifo kikikaa mahali pa yaliyopita, mteja huambiwa kwamba msiba umekwisha mpita. Kikikaa mahali pa mambo yajayo, hadithi ni nyingine. Kuna pia wanaosoma karata iliyogeuka kichwa chini kwa namna tofauti na iliyosimama.

Mambo matatu yanajitokeza katika mifumo hii mitatu, ambayo haikutoka chimbuko moja. Kwanza, swali hutangulia ishara. Pili, ishara husomwa pamoja na majirani zake, haisomwi peke yake. Tatu, kuna mtu maalumu anayesoma, na watu wanamjua ni nani.

Hilo la tatu lisipite hivi hivi. Hollis ameandika pia masimulizi ya urithi wa Mbatian, laiboni mkuu aliyefariki karibu na mwaka 1890. Inasimuliwa kwamba alikusudia kumkabidhi zana za uaguzi mwanawe mkubwa, Sendeyo, lakini mdogo, Olonana, aliyasikia maneno yale, akawahi alfajiri na kuzichukua yeye. Msomaji wa Biblia atawakumbuka Esau na Yakobo mara moja. Ugomvi uliofuata uliwagawa Wamaasai, Sendeyo akawa upande wa Wajerumani na Olonana upande wa Waingereza. Ndugu hawa walishindana juu ya nani mwenye haki ya kusoma. Na sisi katika uhakiki wa Kiswahili hatujawahi kugombana juu ya nani ana haki ya kusema shairi ni shairi? Tuliosoma mjadala wa ushairi wa kimapokeo na ule wa kisasa tunalijua jibu.

Kifo cha Rosa

Sasa tuingie kwenye vitabu vyetu. Riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika, ilitoka mwaka 1971 na kwa kipindi fulani ilizuiwa shuleni kwa madai ya kuharibu maadili. Rosa, binti aliyelelewa kwa ukali wa baba yake Zakaria, anaingia katika maisha ya anasa anapotoka nyumbani, na mwishowe anajiua. Madesa yanasemaje? "Kifo cha Rosa ni ishara ya malipo ya uasherati." Nukta. Alama mbili.

Huku ni kuisoma karata moja ikiwa juu ya meza tupu. Majirani wa kifo hicho wako wapi? Yuko Zakaria, mlevi, ambaye fimbo yake ndiyo iliyomfunga binti asijue kuishi na wanaume kama binadamu wenzake. Kuna wanaume wenye vyeo waliomtumia. Kuna mchumba aliyetaka mke asiye na historia. Na baada ya kifo kuna sehemu ya hukumu mbele ya Mungu, ambako Rosa na baba yake wote wawili wanafika kuhukumiwa. Mwandishi aliyekusudia kumwadhibu msichana peke yake angekuwa na haja gani ya kumfikisha baba kizimbani? Ukiisoma ishara hii pamoja na majirani zake, kidole kinaondoka kwa Rosa na kuielekea nyumba iliyomlea, na hata sisi tunaosoma hatubaki salama.

Katika Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, tamthilia ya mwaka 1969 juu ya Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, hatari inatoka upande wa pili. Humo ishara ni maji na neno. Kinjeketile analeta maji yanayowaunganisha watu, na anataka wasubiri hadi wawe tayari. Lakini wasikilizaji wana njaa ya jibu. Wanalisikia neno kama ahadi kwamba risasi haitawapata, na neno linamponyoka aliyelitamka. Hata yeye mwenyewe anashtuka anapogundua kwamba ndani ya ujumbe wake kulikuwa na maneno ya kuwafanya watoto wa Seyyid Said, yaani kumtoa mtawala mmoja na kumwingiza mwingine. Madesa yanasema "maji ni ishara ya umoja". Sawa. Lakini ni maji hayo hayo yaliyowapeleka watu mbele ya bunduki. Mwanafunzi anayeandika "umoja" na kuishia hapo ameacha nusu ya tamthilia, tena nusu inayouma.

Kidole kinaponyoshwa

Kuna atakayesema: yote haya ni mambo ya darasani, mtu akikosea anapoteza alama tu. La hasha! Hapa Tanzania tunalo neno "ramli chonganishi", nalo halikutoka kwenye nadharia. Ni ramli inayotaja mbaya wako. Mtoto ameumwa, ng'ombe wamekufa, mtu anakwenda kwa mpiga ramli, na jibu linarudi likiwa na jina la jirani au la bibi kizee mwenye macho mekundu. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa vikongwe wengi wameuawa kwa tuhuma za namna hiyo. Macho yamekuwa mekundu kwa moshi wa kupikia miaka na miaka, lakini msomaji mmoja ameyasoma kuwa ishara ya uchawi. Januari 2015, katika wimbi la mauaji ya watu wenye ualbino, Serikali ilitangaza kupiga marufuku wapiga ramli, na miezi iliyofuata polisi waliwakamata waganga na wapiga ramli zaidi ya 200.

Hata utabiri unaotolewa hadharani kwa heshima una nguvu yake. Kuelekea uchaguzi wa 2010 mnajimu maarufu Sheikh Yahya Hussein, aliyefariki mwaka 2011, alitangaza kwamba mwana-CCM atakayejitokeza kushindana na Rais Kikwete ndani ya chama angekufa ghafla. Sisemi hiyo ndiyo sababu ya Kikwete kusimama peke yake katika chama mwaka huo. Ninachosema ni kwamba neno "kifo" likishatamkwa na msomaji anayeaminika, huacha kuwa habari ya kesho, likaanza kufanya kazi leo katika hofu za watu.

Tofauti ya mawe ya mzee wa Ngaramtoni na ramli chonganishi, kwa mtazamo wangu, haipo katika chombo. Mawe yanaweza kuua kama ramli, na ramli inaweza kufariji kama mawe. Tofauti ipo katika namna ya kusoma. Msomaji chonganishi anachukua ishara moja, anaitenga na majirani zake, anaipa maana moja, kisha anainyoshea mtu kidole naye akiwa hawajibiki kwa lolote. Je, aliyeandika "malipo ya uasherati" amefanya nini tofauti? Kuna msichana anayekaa dawati la mbele katika darasa la kidato cha nne, amepata mimba au dada yake ameipata, na anasomewa kwamba kifo cha Rosa ni haki yake Rosa. Usomaji ule umemtaja mtu pale darasani bila kumwita jina.

Pingamizi mbili

Pingamizi la kwanza ni kwamba nasawazisha fasihi na ushirikina. Sivyo. Sijasema karata inaijua kesho, wala mawe. Nimesema kwamba kitendo cha kusoma ishara kina kanuni zake, na waaguzi, kwa kuwa mteja yuko mbele yao na anaweza kurudi kuwadai, wamezitunza baadhi ya kanuni hizo vizuri kuliko sisi ambao mteja wetu ni karatasi ya mtihani.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Ikiwa kila mtu analeta mlima wake, basi ishara ina kazi gani? Si tuseme tu kila msomaji na lwake? Hapana. Turudi kwenye picha. Wote niliozungumza nao walitofautiana juu ya bendera, farasi na jua, lakini hakuna hata mmoja aliyesema ni picha ya harusi. Hakuna aliyemkana mfalme aliyelala. Ishara huweka mipaka; ndani ya mipaka hiyo ndipo tunapobishana. Anayesoma harusi katika Kifo hana haki ya kujitetea kwa kusema "ni mtazamo wangu", na anayesoma Rosa Mistika asimwone Zakaria hana haki hiyo pia.

Hitimisho

Tazama tena wale watu wanne walio mbele ya farasi, maana mimi nawaona kuwa ni wasomaji wa aina nne. Mfalme alidhani taji lingemkinga, kama mhakiki anayetegemea cheo. Askofu anasihi kwa maneno aliyoyakariri. Msichana amegeuza uso. Mtoto ndiye pekee anayetazama kilicho mbele yake. Wataalamu wa taroti wanaweza kunikatalia tafsiri hii, nami niko tayari kuwasikiliza, mradi waje na picha mkononi.

Napendekeza basi mambo matatu kwa semina zetu za fasihi. Mwanafunzi anayetaja maana ya ishara aeleze kwanza ni swali gani analolijibu. Aoneshe ishara hiyo imepakana na nini katika kazi anayoichambua, na imetoka katika jamii gani. Tatu, ikiwa tafsiri yake inamlaumu mtu, awe mhusika, mwandishi au kundi la watu, athibitishe kwa matini kabla hajafunga kitabu. Walimu wetu nao watusaidie kwa kuacha kutunga maswali ambayo jibu lake ni orodha. Wenye maoni tofauti, hasa wale wanaoyatetea madesa, nawaomba wajibu katika toleo lijalo.